Kumuuguza mgonjwa wa kiharusi akiwa bado wodini

Mgonjwa wa kiharusi akishavuka siku ya kwanza, mara nyingi kinachotishia maisha yake ni mambo yanayokuja baadaye: chakula kuingia mapafuni, kidonda cha kulalia, damu kuganda mguuni. Mengi kati ya hayo huanza kitandani, kati ya raundi moja ya daktari na nyingine, na katika wodi zetu nyingi nesi wa zamu ya usiku ana wodi nzima mikononi mwake. Ndugu anayekaa pembeni ya kitanda ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuyazuia, mradi ajue afanye nini na asifanye nini. Mwongozo huu ni wa ndugu huyo.

Uliza kwanza: mshipa umeziba au umepasuka?

Kuna kiharusi cha mshipa wa ubongo kuziba na kuna cha mshipa kupasuka na kuvuja damu. Kwa nje vinafanana kabisa: mdomo kwenda upande, mkono na mguu kulegea, maneno kukwama. Kinachotenganisha ni picha ya CT scan. Usimpe mgonjwa aspirini kwa ushauri wa jirani kabla picha haijasomwa, kwa sababu aspirini inayomsaidia mwenye mshipa ulioziba inaweza kuongeza madhara kwa anayevuja damu.

Jibu hilo pia litakusaidia kuelewa suala la presha, ambalo huleta ugomvi mwingi kati ya ndugu na madaktari. Unaona 190 kwenye mashine na hakuna anayeishusha. Kama mshipa umeziba, na mgonjwa hakupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, madaktari wengi huiacha presha ibaki juu kwa siku moja au mbili za mwanzo, hata ikikaribia 220 kwa 120. Sehemu ya ubongo iliyo kando ya pale palipoziba inaishi kwa damu kidogo inayosukumwa na presha hiyo, na ukiishusha ghafla unaiua. Kwa anayevuja damu hesabu ni nyingine: presha hushushwa mapema, mara nyingi namba ya juu ikilengwa karibu na 140. Kwa hiyo vidonge vya presha vilivyobaki nyumbani vileteni hospitalini daktari avione, lakini msimpe wenyewe kimyakimya.

Kabla hajameza hata tone la maji

Hapa ndipo panapopoteza wagonjwa wengi, na nia huwa njema. Shangazi anakuja na chupa ya chai, anaona midomo imekauka, anamnywesha mgonjwa akiwa amelala chali. Siku mbili baadaye kuna homa na pumzi za haraka, na nimonia tayari imeingia.

Kiharusi hulegeza misuli ya koo. Chakula na maji hupotea njia na kuelekea kwenye mapafu, na wagonjwa wengine hawakohoi hata kidogo hilo likitokea, kwa hiyo kutokukohoa si ushahidi wa usalama. Kila mgonjwa wa kiharusi anapaswa kupimwa umezaji kabla ya kupewa kitu chochote kwa mdomo, vidonge vikiwemo. Nesi, daktari au mtaalamu wa usemi humketisha, humpa maji kwa kijiko cha chai, kisha kiasi kikubwa zaidi, huku akisikiliza kikohozi na sauti. Muulize nesi wazi: "Mgonjwa wetu amepimwa kumeza?" Kama bado, andika kwenye karatasi ASIPEWE KITU KWA MDOMO na muombe nesi ibandikwe juu ya kitanda. Wageni wataisoma hata kama wewe umetoka kwenda dukani.

Akisharuhusiwa, mlishe hivi.

Awe macho kabisa. Anayesinzia halishwi, hata kama chakula kinapoa. Mketishe wima, mgongo umeegemea mito, kichwa kimeinama mbele kidogo. Wewe keti pia, uso wako usawa na wake au chini kidogo. Ukimlisha umesimama, ataunyanyua uso akutazame, na shingo ikienda nyuma njia ya hewa hufunguka wazi. Tumia kijiko cha chai, nusu tu, ukiweke upande wa kinywa ulio mzima. Subiri uone koo limepanda na kushuka, ndipo uchote kingine. Kila baada ya vijiko vitatu au vinne mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa ya majimaji, kama ya mtu mwenye makohozi kooni, simama hapo hapo. Akimaliza, angalia ndani ya shavu la upande uliopooza, maana chakula hujificha pale bila yeye kuhisi, na usiku huteleza kooni. Abaki ameketi angalau nusu saa.

Maji, chai na juisi ndivyo vigumu kuliko vyote kwa sababu vinakimbia haraka kuliko koo lilivyo tayari. Hatari nyingine ni chakula chenye maji na vipande pamoja, kama supu yenye nyama au mkate uliochovywa kwenye chai, na vyakula vinavyotawanyika mdomoni, kama wali mkavu. Kinachopita vizuri kwa wengi ni uji mzito laini, viazi vilivyopondwa na mchuzi, parachichi lililopondwa, mtindi. Uzito wenyewe autaje aliyempima. Na jambo dogo ambalo watu hawalijui: mate yana kimeng'enyo kinachovunja wanga, hivyo kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kwenye bakuli huufanya uji ulegee polepole. Mimina kidogo kwenye kikombe kingine, mwingine uache umefunikwa. Mrija wa kunywea, na sirinji ya kusukumia chakula mdomoni, viache kabisa.

Akiwekewa mpira wa puani

Usione kama mwisho wa safari. Mpira unalinda mapafu na kumlisha wakati koo linapata nguvu, na wagonjwa wengi huondolewa baada ya siku au wiki chache.

Kuuweka na kuhakikisha uko tumboni ni kazi ya muuguzi. Wewe weka alama ya kalamu ya wino pale mpira unapoingia puani. Kila kabla ya mlo itazame. Ikiwa imesogea, au plasta imebanduka, au mgonjwa ametapika, usimpe chochote mpaka nesi aukague. Ukichomoka wote, usiurudishe mwenyewe.

Inua kichwa cha kitanda kati ya nyuzi 30 na 45. Toa kisukumio kwenye sirinji ya mililita 60, unganisha na mpira, pitisha kwanza maji safi mililita 30, kisha mimina chakula kishuke chenyewe. Mlo wa mililita 200 hadi 250 uchukue dakika 15 hadi 20. Kikienda kasi, shusha sirinji kidogo. Malizia na maji mililita 30 ili mpira usizibe, na mgonjwa abaki ameinuliwa nusu saa hadi saa moja. Uji wa lishe, maziwa, supu iliyosagwa, vyote vichujwe kwa kitambaa safi. Kuziba kwingi kunatokana na mabonge ya uji na vidonge vilivyopondwa nusunusu. Ukiziba, jaribu maji ya uvuguvugu bila kulazimisha, kisha mwite nesi.

Kuhusu vidonge, uliza kila kimoja kama kinapondwa. Nifedipine ile inayotolewa taratibu mwilini, ambayo wagonjwa wengi wa presha wanaijua, ikipondwa hutoa dawa yote kwa mara moja na presha inaweza kuporomoka.

Na hata asiyekula kwa mdomo, kinywa chake kisafishwe, angalau asubuhi na jioni. Mate yenye vijidudu yakiteremka mapafuni huleta nimonia ile ile. Mlaze ubavu au mketishe, tumia mswaki mdogo laini na dawa kidogo sana, futa povu kwa kitambaa safi, usimwambie asukutue. Meno ya bandia yatolewe usiku.

Kumgeuza

Kila saa mbili, mchana na usiku. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kidonda kinaweza kuanza ndani kabla hujaona kitu nje.

Kifaa bora mnacho tayari nyumbani: kanga. Ikunje mara mbili, itandikwe chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani. Wawili, mmoja kila upande, mshike kanga karibu na mwili wake, mhesabu pamoja, mumnyanyue na kumsogeza. Msimburute. Kuburuta huichuna ngozi kwa ndani hata kama juu inaonekana salama. Kisha mlaze ubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mto nyuma ya mgongo, mto mwingine kati ya magoti. Mto wa tatu uingie chini ya mashavu ya miguu, ili visigino vibaki hewani bila kugusa kitanda.

Anaweza kulalia upande uliopooza, ila bega lisiwe chini ya uzito wake. Pitisha mkono wako nyuma ya bapa la bega, ulivute taratibu lije mbele, mkono ulale umenyooka juu ya mto. Akilalia upande mzima, mkono uliopooza uwekwe mbele juu ya mto, kuanzia kwapani mpaka vidoleni.

Kila mnapomgeuza, tazameni kifandugu, nyonga, visigino, viwiko, kisogo na masikio. Vitabu husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta doa jeusi zaidi au la zambarau, ngozi inayong'aa, mahali penye joto au ubaridi kuliko pembeni, au pagumu ukipagusa. Ukiliona doa, usilisugue wala kulipaka dawa ya kienyeji. Mgonjwa asilalie tena upande huo na nesi aambiwe. Puto la duara la kukalia na glovu zilizojazwa maji chini ya visigino havisaidii, vinahamisha tu mgandamizo. Pampasi iangaliwe kila mnapogeuza, na msimvalishe mbili kwa pamoja ili kubana matumizi, kwani ngozi hubaki imelowa.

Bega, maji ya moto na kuchua

Misuli inayoshikilia bega ikilegea, mkono mzima huning'inia kwenye kano tu. Mtu akiuvuta ili mgonjwa ainuke, au akimshika makwapani kumpandisha kitandani, bega hutoka mahali pake. Maumivu yake yanaweza kudumu miezi na kumfanya akatae mazoezi wakati ambao mazoezi ndiyo yanahitajika. Kila anayemgusa mgonjwa aambiwe hili, akiwemo kijana wa kusukuma machela. Kumvisha shati, anza na mkono uliopooza, kumvua, malizia na huo huo. Mpira wa kuminya kwa kiganja usipewe mpaka mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) aukubali, kwa sababu mkono unaoanza kukaza unahitaji zaidi kufunguka.

Kukanda kwa maji ya moto ni desturi yetu, na ni hatari kweli kwa mgonjwa huyu. Upande wenye ganzi hauhisi joto. Ngozi inaungua, mgonjwa yuko kimya, na malengelenge yanaonekana kesho yake. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako.

Kuchua mguu kwa nguvu pia kukome. Mguu usiotembea hugandisha damu kwenye mishipa ya ndani, na donge likisukumwa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua ndani ya dakika chache. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa na joto au maumivu kwenye shavu la mguu, usiuguse, mwite daktari. Kumpaka mafuta kwa kiganja laini ni sawa, na mguso huo anauhitaji.

Kuketi na kusimama

Familia hugawanyika mara mbili hapa: wanaotaka apumzike mwezi mzima, na wanaotaka atembee leo. Utafiti mkubwa ulioitwa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, uliwalinganisha walioanza kuinuliwa ndani ya saa 24 kwa vipindi vingi na virefu na waliopata huduma ya kawaida. Wale waliokimbizwa walipona vibaya zaidi kidogo. Basi siku ya kwanza msimlazimishe. Baada ya hapo, daktari akiruhusu, mwinueni mara kwa mara kwa muda mfupi: kwanza kuketi ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa sakafu, kisha kiti, dakika 15 au 20 za kuanzia.

Weka kiti upande wake mzima, kitanda kiwe kimefungwa breki. Viatu avae, soksi tupu zinateleza. Wewe simama mbele yake, goti lako likizuie goti lake dhaifu lisikunjike, mikono yako imshike kiunoni au kwenye kanga uliyomfunga imara. Asikukumbatie shingoni. Akisema kizunguzungu au akitoka jasho, mrudishe alale na presha ipimwe. Mara ya kwanza fanya hivi mtaalamu wa fiziotherapia akiwepo, umwombe akuangalie wewe ukifanya. Anaweza kuwa na wagonjwa wengi na kufika kwako dakika kumi tu, na mazoezi ya kurudia kutwa utayasimamia wewe.

Kuzungumza naye

Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hupooza mkono wa kulia na kuvuruga lugha. Akili yake haijaondoka. Usizungumze habari za gharama au mirathi juu ya kichwa chake ukidhani hasikii.

Zima redio. Sentensi moja fupi kwa wakati mmoja, kisha subiri, hesabu hadi kumi moyoni. Uliza maswali ya ndiyo na hapana, umwonyeshe kitu chenyewe: kikombe, shuka, chombo cha mkojo. Kama alikua akizungumza Kisukuma au Kichaga nyumbani, jaribu lugha hiyo pia, huenda ikarudi kabla ya Kiswahili au baada yake. Usimmalizie kila neno. Wengine wanaoshindwa kuomba maji wanaweza kusoma Baba Yetu au Alhamdu yote bila kukwama, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka tangu utotoni hupita njia nyingine ubongoni. Hajifanyi.

Kiharusi cha upande wa kulia kinaweza kumfanya asitambue upande wake wa kushoto: anakula nusu ya sahani, anasahau kwamba mkono ule ni wake. Vitu vya lazima, kama maji aliyoruhusiwa na chombo cha kuita watu, viwe upande anaouona. Lakini unapomsalimu, simama mbele kisha usogee pole pole kushoto, ageuke akufuate.

Kulia au kucheka ghafla bila sababu kunatokana na ubongo uliojeruhiwa. Badili mazungumzo kwa upole. Sononi, yaani huzuni nzito isiyoisha, ni jambo lingine na humpata takriban mmoja kati ya watatu. Akikataa kula, akikataa mazoezi, akigeukia ukutani siku nyingi, mwambieni daktari, inatibika.

Wazee, wageni na zamu

Katika koo nyingi atatokea mzee wa kusema amerogwa au amepigwa upepo, na kwamba sindano zitamuua. Mpelekeni kwa daktari aonyeshwe ile picha ya CT na pale palipoharibika. Dua na maombi yafanyike kitandani, yanampa nguvu mgonjwa na nyinyi pia. Msichokubali ni kumtoa wodini wiki ya kwanza, kumchanja chale wakati yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, au kumnywesha mizizi akiwa hawezi kumeza.

Pangeni watu watatu wa zamu, na daftari moja lisiloondoka kitandani. Kwa mfano: "Saa 2 asubuhi, ubavu wa kushoto. Uji ml 200. Mkojo ml 400, wa njano. Joto 37.2. Daktari amesema aanze kuketi." Anayepokea zamu asome kabla mwenzake hajaondoka. Mfuko wa mpira wa mkojo uwe chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Siku tatu bila choo kikubwa, semeni.

Usisubiri raundi

Mwite nesi saa hiyo hiyo akianza kusinzia kuliko jana au asipoamka vizuri, hasa kati ya siku ya pili na ya tano ambapo ubongo huvimba zaidi. Vivyo hivyo kwa kichwa kuuma ghafla na kutapika, degedege, udhaifu mpya au maneno kupotea tena, joto la 38 au zaidi, pumzi za haraka au za kukoroma, maumivu ya kifua. Sema lini umeona mara ya mwisho yuko sawa, kwa saa kamili. Mshipa mpya ukiziba, dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, ingawa si kila mgonjwa anafaa kuipewa.

Kabla ya ruhusa

Msisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo muulize. Siku mbili kabla, anayekwenda kukaa naye nyumbani alishe, ageuze, ahamishie kitini na kupima presha mbele ya nesi, kwa mikono yake mwenyewe. Ondokeni na orodha ya dawa yenye kipimo na saa, lengo la presha kwa namba (kwa wengi ni chini ya 130 kwa 80, daktari ataje la kwenu), tarehe ya kliniki na ya fiziotherapia. Ulizeni pia dawa ipi isikatizwe hata akijisikia amepona. Nyumbani, kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi seremala akate tundu kwenye kiti imara chenye mikono, kiwekwe juu ya shimo au juu ya ndoo kando ya kitanda. Pimeni kitanda: akiketi ukingoni, nyayo zote mbili zifike chini. Kitanda kikiwa juu mno, kateni miguu ya kitanda kabla mgonjwa hajafika.